Korongo wa Darajani

Mniwie radhi, kisa hiki nitakiharibu nikikisimulia. Juzi, darajani Garissa, mwalimu mgeni alikuwa akipiga picha za korongo kwa kamera kuukuu yenye filamu iliyopitwa na wakati. Askari anayelinda daraja akamdaka mkono.

"Marufuku kupiga picha daraja!"

"Korongo tu, afande."

Mchungaji wa Kisomali aliyekuwa akipitisha mbuzi akasimama. "Wallahi, ndege hii haina maziwa, nyama yake haramu. Bicha ya nini?"

Askari akazidi kushuku. "Fungua kamera."

"Mwanga ukiingia, picha zote zimekufa!"

Mimi, niliyekuwa nikipita tu, nikajitosa kumwokoa mwalimu. "Afande, filamu yenyewe mbovu. Hata daraja likitokea, adui hatalitambua!"

"Kumbe daraja limo," akasema, akaifungua.

Jua la Garissa likamwagika ndani. Mwalimu hakumlaumu askari. Alinigeukia mimi, wakili wake wa kujitolea.