Ruta Mbili Nyumbani kwa Orvokki

Orvokki Hautala ana miaka sabini na minne, na tangu nimjue hajawahi kumwachia fundi kazi anayoweza kuiharibu mwenyewe. Nasema hivyo kwa mapenzi. Tumekuwa majirani miaka arobaini, na kila akipanda juu ya kitu, mimi Hilkka ndiye ninayeshikishwa ngazi.

Mwaka jana mumewe Taisto alipata kiharusi. Akili ilibaki timamu, miguu ikagoma. Chumba pekee anachokimudu ni cha nyuma, ng'ambo ya sauna, chumba cha kuogea mvuke wa moto, kwa sababu hakina ngazi wala kizingiti. Ofisi ya huduma za wazee ikasema sawa, abaki nyumbani, lakini muuguzi lazima ampate kwa video kwenye skrini chumbani mwake asubuhi na jioni. Wangejaribu Alhamisi saa nne asubuhi. Skrini isipoitika, Taisto angepelekwa makao ya wazee mjini, kilomita thelathini, na Orvokki haendeshi gari tena.

Ruta yao, kile kisanduku kinachogawa intaneti, ilikuwa sebuleni, mbele kabisa, na huko waifai ilikuwa safi. Nyuma hakukufika kitu. Katikati ipo sauna, na sauna hiyo Taisto aliijenga kwa mikono yake. Chini ya mbao alipiga karatasi ya alumini kuta zote, tena matabaka mawili, eti sauna ya jirani inavuja joto. Jirani ni mimi. Basi mawimbi ya waifai yakifika pale yanagonga mwamba.

"Umejizibia mwenyewe, mzee wangu," Orvokki akamwambia.

"Lakini joto halijawahi kutoka humo," Taisto akajibu. Mtu anakaribia kuhamishwa na bado anajisifu!

Orvokki akanunua ruta ya pili. Jumatano baada ya chakula cha mchana tukapitisha waya darini kutoka ruta ya sebuleni, vikongwe wawili tunatambaa kati ya skii kuukuu za kutelezea theluji na makopo ya rangi. Niligonga kichwa mara mbili na sikupewa pole hata moja. Tukaushusha waya chumbani kwa Taisto, tukauchomeka kwenye ruta mpya, taa zote zikawaka. Tukanywa kahawa kwa maringo.

Kikombe hakijaisha, skrini ya Taisto ikakata. Ikarudi, ikakata tena. Halafu kompyuta ya sebuleni nayo ikakata, ambayo haikuwa na kosa lolote.

"Sasa tumeua hata iliyokuwa hai," nikasema. "Ita fundi, shoga."

"Fundi ana nafasi wiki ijayo. Kesho ndiyo Alhamisi."

Akakaa kitandani kwa Taisto, akawa anaikunja na kuikunjua miwani yake. Miaka yote hiyo sijawahi kumwona Orvokki akiogopa. Taisto akamshika mkono.

Baadaye Orvokki akavaa miwani, akafungua kurasa za mipangilio ya ruta zote mbili. Akasoma, akaanza kucheka.

"Hilkka, ruta ndiyo inayokipa kila kifaa namba yake. Hizi mbili zote zinagawa namba, na zenyewe zimejipa namba ileile!"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni kama mimi na Lempi."

Orvokki alikuwa opereta kwenye kituo cha simu cha kijiji mpaka mitambo ilipochukua kazi yao. Wiki ya kwanza ya Lempi, mwenzake mpya kazini, wote wawili walikuwa wakigawa laini kwenye ubao mmoja bila kuulizana, na mchungaji akaunganishwa na machinjio.

"Wewe peleka mtandao tu, namba atatoa mwenzako," akaiambia ruta mpya. Akaizuia isigawe namba, akaipa namba yake peke yake. Skrini ikashika, na haikukata tena.

Alhamisi saa nne tulikuwa jikoni, milango yote wazi. Kutoka nyuma tukasikia skrini ikiita, kisha sauti ya muuguzi Jonna akiuliza habari za usingizi, dawa, miguu. Taisto akajibu moja baada ya jingine.

"Kuna mtu karibu nawe?"

"Mke wangu yuko jikoni, anajifanya anaosha vyombo."

Jonna akacheka. "Haya, Taisto. Jioni nitakupigia hapohapo."

Orvokki akafunga bomba. "Umesikia?" akaniuliza. "Kasema hapohapo." Akajifunika uso kwa taulo ya vyombo akalia, na mimi nikalia naye.