Wilkister na Mwiko wa Kuku

Wilkister alifukuzwa Iyolwa, kijiji cha mashariki ya Uganda, kwa sababu ya paja la kuku. Tena paja lililobaki. Mumewe Obbo alikuwa amekula akashiba akaliacha kwenye bakuli, na Wilkister, aliyekuwa ndiyo kwanza anapona malaria, njaa ikimsokota tumbo, alijibanza nyuma ya ghala la mtama akalimaliza mpaka mfupa. Mama mkwe wake, Anjeline, akamkuta bado analamba vidole.

Huo ulikuwa mwaka wa 1958, na kuku alikuwa chakula cha wanaume. Mwanamke alimfuga, akamkimbiza uani, akamnyonyoa, akampika, akampeleka mezani kwa magoti, kisha akarudi jikoni kula mboga zake za majani. Walisema mwanamke akila kuku atazurura kama kuku, hatatulia kwa mume. Kwao Wilkister, kwa Wasamia wa karibu na Majanji, kando ya ziwa, mwiko ulikuwa huohuo, kwa hiyo asingeweza kusema hakujua. Alijua vizuri sana.

Anjeline angemchapa makofi mawili yakaisha. Hakuridhika. Alitunga mifupa ile kwenye uzi wa katani, akamvisha mkaza mwanawe shingoni na kumtoa uani mchana kweupe, siku ya soko, wanawake wa kijiji wakicheka mpaka wakashika mbavu. Obbo alisimama mlangoni akijikuna shingo, mwanamume mzima, akitazama tu. Binti yao Selpher, aliyekuwa hajatimiza miaka minne, alibaki, maana ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa na mtoto alikuwa wa ukoo wa baba. Wilkister alipogeuka kumchukua, shemeji zake walimsukuma nje. Hapo ndipo alipoapa: ipo siku Anjeline atakula kuku kwa mdomo wake mwenyewe, katika ua uleule, watu wakitazama.

Hakwenda kwao kulia. Alifika Busia akapata kazi ya kuosha vyombo kwa Zubaida, mjane wa Kiislamu aliyewauzia chakula madereva wa malori karibu na kizuizi cha mpaka wa Uganda na Kenya. Kwa Zubaida kuku aliliwa na kila mwenye meno, na sikusikia kwamba wanawake wa nyumba ile walizurura kuliko wengine. Wilkister alijifunza kukaanga na kuunga mchuzi kwa bizari, na Zubaida alipohamia kwa mwanawe Jinja, alimwachia kibanda.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu akatulia. Wilkister alianza kazi ya kisasi. Wanawake wa Iyolwa walipita hapo wakipeleka njugu upande wa Kenya, matumbo matupu, vichwa vimelemewa. Aliwaita chumba cha nyuma, akawapa supu ya kuku bure. Wa kwanza alitapika. Safari iliyofuata alirudi na mwenzake. Wakaja wengi, wakala wakijificha kama wezi, wakajipangusa midomo na kurudi kwa waume zao.

Msidhani aliwapenda. Baadhi yao walikuwa wamecheka siku ya mifupa, na yeye hakumsahau hata mmoja. Aliwalisha kwa chuki, akitazama kila kipande kinavyoshuka kooni. Wakimaliza, swali lake lilikuwa moja: Anjeline yukoje? Wakimwambia amegombana na mkaza mwana mwingine kwa sababu ya supu, au amekwenda kuwashtaki wanaokula kuku kwa wazee na wazee wamemcheka, Wilkister aliwaongezea nyama.

Kisha uhuru ukaja, na mambo mengine pamoja nao. Wauguzi waliwaambia wajawazito wale mayai na kuku, wake wa walimu wakaanza kukaa meza moja na waume zao. Mwiko ukawa unabomoka pande zote, bila hata kibanda cha Busia. Lakini nani angemwambia hivyo Wilkister? Yeye aliamini ameuua kwa mwiko wake wa kupikia.

Mwaka wa 1969 Obbo alimtumia habari: Selpher anaolewa, watu wa bwana arusi wanaleta ng'ombe, na mama mzazi hana budi kuwapo. Wilkister alichinja kuku mabandani mpaka wakaisha, akapika, akakodi pikapu kwenda Iyolwa. Furaha aliyokuwa nayo haikuwa ya arusi.

Anjeline alikuwa amekwisha kwa uzee, jicho moja limefunga ukungu. Wilkister akampelekea bakuli kwa mkono wake, akasimama mbele yake kungoja. Kikongwe akala. Alikula vizuri, akafyonza mfupa, akanyoosha bakuli tena. Hakuna aliyetazama, kwa sababu wanawake wote uani walikuwa wanakula.

"Mama," Wilkister alisema kwa Kiswahili chake cha Busia, "unakumbuka ulichonifanyia kwa nyama hii?"

"Hiyo mambo ya zamani, mwana wangu. Wakati ile watu nakataa. Sasa wote nakula. Ongeza mchuzi kidogo."

Wala hakuwa anajifanya. Kwake jambo lilikuwa limepita, na aliyeaibishwa kwa jambo hilo hakuwamo hata kwenye kumbukumbu. Wilkister alishika upawa. Alitaka kumwagia mchuzi ule kichwani. Badala yake aliujaza upawa, akamwongezea.

Alipogeuka aliona bakuli moja ambalo halijaguswa. Lilikuwa mbele ya Selpher. Akaenda akapiga magoti mkekani, akamwambia kwa Kidhopadhola, lugha ya Iyolwa, ale, leo ni siku yake. Selpher akamjibu kwa Kiswahili, kama anavyojibiwa mgeni.

"Mimi hapana kula kuku, mama."

Wilkister akamwambia hata bibi yake anakula, wote wanakula, hakuna tena wa kumkataza.

"Hakuna mtu nakataza mimi. Siwezi kula kitu ambayo ilichukua mama yangu."

Wilkister akaanza kueleza habari za shemeji zake, na ng'ombe, na jinsi alivyosukumwa. Selpher alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza.

"Hiyo najua," akasema. "Lakini kila mama ambaye alitoka Busia, mimi nangojea yeye barabarani. Nauliza kama umetuma hata salamu. Wote nasema hapana, uliuliza tu habari ya bibi."

Akalisogeza bakuli pembeni kwa vidole viwili, akaomba radhi, akaenda kuwapa wakwe zake maji ya kunawa.