Kadi Niliyoisahau Kwenye Benchi la Mashahidi

Siku ya kwanza nilipoingia kazini, katika mahakama moja wilayani Handeni, msimamizi wa masjala hakunionyesha meza yangu. Alinipeleka moja kwa moja kwenye rafu, akavuta jalada lililochakaa na kuniwekea mikononi kama anayekabidhi mtoto mchanga.

"Binti," akasema, "jalada hili likipotea, kuna mtu atakaa mahabusu miezi bila kuitwa. Kwa hiyo ogopa. Karani asiyeogopa hatufai."

Masjala ni chumba ambamo mashauri hufunguliwa, hupewa namba na kutunzwa. Nilimtii mzee yule kupita alivyotarajia. Niliogopa namba, niliogopa tarehe, na nilipoanza kusoma shahada ya sheria kwa njia ya masafa, huku nikiendelea na ukarani, niliogopa mtihani kuliko vyote. Somo la Ushahidi lilinishinda mara mbili. Utaratibu wa chuo ulikuwa wazi: anayeanguka mara ya tatu huondolewa masomoni, na miaka yake yote huishia hapo.

Ninyi vijana mnaosoma sheria leo mna kadi za maswali ndani ya simu. Zangu nilizikata kwa mkasi. Mashine yetu ya kudurufu ilikuwa ikiharibu fomu za hati ya wito, ile karatasi inayomwamuru mtu kufika mahakamani. Wino ulififia upande mmoja, nazo zikangoja kuchomwa. Nilizichukua bila kumwomba mtu. Kila fomu niliikata vipande viwili, nikakikunja kila kipande ili maandishi yaliyochapwa yajifiche ndani. Nje, upande mmoja niliandika swali, upande wa pili jibu. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, lakini kadi niliziandika kwa Kiswahili, nikitafsiri neno kwa neno na kujidanganya kwamba huko ndiko kuelewa. Mchana, watu wakitoka kwenda kula, nilikaa kwenye benchi la mashahidi nje ya ukumbi na kujiuliza maswali kwa sauti ya chini.

Zilipobaki wiki tatu kabla ya mtihani, alikuja kwenye dirisha la masjala mama mmoja wa kijiji cha Misima. Nilimfahamu kwa sura, kwani mumewe alikuwa na kesi ya wizi wa mahindi ghalani. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, akafungua fundo la khanga. "Nimeleta karatasi yenu. Niliiokota pale benchini siku ya kesi. Nikasema, hawa wameniwekea mimi."

Ilikuwa kadi yangu, imekunjuliwa. Ndani nembo ya mahakama na maneno UNAAMRIWA KUFIKA. Nje, kwa mwandiko wangu: *Je, mke wa mshtakiwa aweza kushurutishwa kutoa ushahidi?*

"Umeisoma mwenyewe, mama?"

"Darasa la saba nilimaliza. Nimesoma mpaka nimechoka. Nikakimbilia Kabuku kwa dada yangu, siku nne, watoto nimewaacha kwa jirani. Nikaona askari watanifuata hata huko. Basi nimekuja. Nimseme mume wangu?"

Nikamjibu kama kadi ilivyoandikwa: "Mke ni shahidi anayestahili ila asiyeshurutika, isipokuwa pale sheria inapoelekeza vinginevyo."

Akanitazama kwa subira, kama mtu anayemngoja mtoto amalize kutafuna.

"Sawa. Sasa nije au nisije?"

Kifungu cha sheria nilikijua kwa namba, lakini kumwambia mama huyu kinamtaka afanye nini sikuweza. Wakati huo Hakimu Mkazi Mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaichukua kadi, akaigeuza pande zote.

"Mama, mahakama haijakuita," akamwambia. "Nenda nyumbani kwa watoto. Ukiitwa, utaletewa hati yenye jina lako na mhuri, na kabla hujasema neno tutakueleza haki yako."

Mama alipoondoka, Mfawidhi akanigeukia.

"Wito umetoka kwenye mahakama yangu bila jina, bila saini wala mhuri. Zipo ngapi?"

"Nyingi, mheshimiwa."

"Zote ziwe mezani kwangu kabla ya saa tisa."

Niungame: hofu yangu ya kwanza haikuwa kwa mama yule aliyejificha siku nne. Ilikuwa kwa kadi zangu. Zilichomwa siku hiyohiyo mbele yangu, pamoja na fomu nyingine mbovu. Mfawidhi hakuniandikia barua ya onyo. Alisema tu, "Karani, wewe hukusoma. Ulinakili."

Nilianza upya, kwa majalada ya madaftari ya wanangu. Safari hii kila jibu niliandika kana kwamba mama wa Misima amesimama dirishani, mkono kwenye fundo la khanga. Kazi ilikwenda polepole mno, hata siku ya mtihani, mjini Tanga, nilikuwa sijafika nusu ya mada. Swali la pili lilipofuta kichwani namba zote za vifungu, niliacha nafasi tupu mahali pa namba, nikaeleza sheria kwa maneno ambayo mtu angeweza kuondoka nayo nyumbani. Nilitoka ukumbini nikiwa na hakika kwamba nimeanguka.

Nilifaulu kwa alama ya chini kabisa inayokubalika. Mfawidhi aliposikia alinipa mkono.

"Hongera. Mtihani umekutisha kwa saa tatu. Hukumu itakufuata hadi nyumbani."

Baadaye niliteuliwa kuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, nikapangiwa Korogwe, na hapo ndipo nilipostaafu kwa hiari nilipotimiza miaka hamsini na mitano. Wengi huniuliza kama sasa nimepumzika. Kazi nimeiacha, naam. Lakini yupo mwanamume mmoja niliyempeleka kifungoni, na hadi leo sina hakika kama nilimsikiliza hadi mwisho au nilishafika kwenye kifungu cha adhabu kabla hajamaliza kusema. Alitumikia adhabu yake, akatoka. Tukikutana sokoni hunisogelea kwa heshima na kusema, "Shikamoo, mheshimiwa." Nami huitikia marahaba kabla sijathubutu kumtazama usoni.