Vitambaa vya Ndege kwenye Kamba Yetu

Juzi nilikwenda Kurui, huko Kisarawe, kuangalia shamba la bibi, nikamkuta jirani anachuja muhogo uliokunwa. Ile harufu mbichi, yenye uchachu kidogo, ilinisimamisha njiani. Usinicheke, rafiki yangu. Wengine harufu ya muhogo huwakumbusha futari. Mimi hunikumbusha ndege.

Tulikulia Kibaha. Baba alikuwa dereva wa shirika la ndege la taifa, akienda Dar alfajiri na kurudi jioni, na mama alikuwa na tenda ndogo ya kufua vile vitambaa vyeupe vilivyowekwa juu ya kiti, pale abiria anapoegemeza kichwa. Baba alivileta vimefungwa mabunda. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyetuletea wanga kutoka Kisarawe: muhogo wa shambani kwake, ameukuna, ameuchuja, ameuanika mpaka ukawa laini kama poda. Mama aliukoroga kwa maji ya moto, akachovya vitambaa, akavianika. Sisi watoto tulichota maji, tukapepea mkaa wa pasi na kufukuza kuku. Vikishapigwa pasi, nyumba nzima ilinukia usafi, na vitambaa vilikakamaa hata ungeweza kuvisimamisha.

"Kichwa cha mtu ni heshima yake," mama alizoea kusema. "Hakilazwi penye doa."

Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege. Alizaliwa Mwanza, akaja Pwani kwa treni baada ya kuolewa, na dada yake, mama mkubwa wetu, akabaki kule. Ndege ilipopita juu, mama aliinua uso na kuifuata mpaka ipotee. "Hiyo imebeba vitambaa vyangu," alituambia, na sisi tuliwatangazia watoto wa mtaa mzima.

Kisha mabunda yakaanza kupungua. Habari za magazetini hatukuzijua, tulijua kamba. Kamba mbili zikawa moja, moja ikawa nusu, na jioni moja baba alirudi mikono mitupu, akakaa barazani bila kuvua viatu. Ndege zilikuwa zimebaki chache, na nyingine haziruki.

"Mwenzangu," jirani alimwambia mama, "shirika limekufa. Kamba hiyo anikia kanga."

Mama akaanika kanga. Akaanza kufua nguo za parokia, kwa wanga uleule wa bibi. Baba alipata gari jingine la kuendesha, lakini kila aliposikia mtu analicheka shirika, alijibu taratibu, "Ndege haifi. Imetua tu."

Katika miaka hiyo ndipo mama yake mama alipofariki. Mama alipanda basi usiku uleule habari zilipofika. Alipofika Mwanza, amefura miguu na vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, walikuwa wameshazika. Aliporudi Kibaha hakulieleza hilo kwa mtu, ila ndege za mashirika mengine zilipopita juu hakuinua tena uso.

Basi fikiria siku ile ndege mpya ya taifa ilipoletwa. Tulikuwa watu wazima tayari, tumejazana sebuleni kwa baba mbele ya televisheni. Ikashuka, nyeupe, inang'aa, magari ya zimamoto yakairushia maji kuipokea. Baba alijifuta macho kwa kiganja bila kujificha. Mama alisimama polepole, kwa magoti yake yale, akapiga kigelegele kimoja kirefu. Jirani akaitikia kutoka uani kwake. Baada ya hiyo zikaja nyingine, za pangaboi na za jeti, mpaka tukaacha kuzihesabu.

Mwaka huu ikaja simu: mama mkubwa amelazwa, anamwita mdogo wake. Nilikata tiketi za shirika lilelile, na alfajiri iliyofuata tulikuwa uwanjani. Ndani ya ndege, mama alipapasa kiti kwa kiganja. "Ngozi," alisema. "Hii inafutwa tu." Ndege ilipoinuka alinishika mkono kwa nguvu, kisha akauachia, akaegemeza kichwa, akatazama mawingu kama mtu anayetazama shamba lake.

Mama mkubwa alikuwa ameketi kitandani, dhaifu lakini macho maangavu. Akamwangalia mdogo wake usoni, kisha miguuni, akitafuta dalili za safari.

"Umetoka lini Kibaha?"

"Leo, dada. Chai nimekunywa nyumbani."

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Wiki hiyohiyo mama mkubwa aliruhusiwa, na tukala naye sato nyumbani kwake.

Mengi ya utoto wangu yamekwenda: pasi ya mkaa, bibi na mikono yake iliyonuka muhogo, mabunda ya jioni. Hayo nayakumbuka kwa uchungu mtamu. Lakini limekwenda pia lile vumbi la njiani, lililomfikisha mama kaburini pa mzazi wake badala ya kitandani pake, na kwa hilo sidondoshi chozi.