Wifi na Mapenzi Yenye Risasi

Muuza vitabu wa kando ya posta alikuwa na mafungu mawili ya riwaya. La kushoto aliliita "mapenzi matupu". La kulia aliliita "mapenzi yenye risasi". Mama Kola, fundi cherehani wa sare za shule, hakuwahi hata siku moja kuligusa la kushoto. Watu wawili wanapendana tangu ukurasa wa kwanza, wazazi wamekubali, hakuna anayewafukuza: hao wana habari gani ya kumweleza mtu mzima? Yeye alitaka mwanamke na mwanamume wasioweza kutazamana, halafu majambazi wawakimbize mpaka wakose njia isipokuwa kushikana mikono. Bila jambazi, hanunui.

Kwa miaka thelathini alishona kola zilizokaa shingoni sawasawa, ndiyo maana akaitwa hivyo, na kwa miaka hiyohiyo alisoma. Alisharuka kutoka kwenye treni, akavuka mpaka ndani ya pipa la mafuta, akafungwa kidonda cha bega na mtu yuleyule aliyempiga risasi. Yote hayo akiwa kwenye kigoda chake, miguu juu ya pedeli ya cherehani. Ila ukimtajia sindano ya hospitali, shujaa wetu alishikwa na mafua papo hapo.

Basi macho yake yakaanza kuingia ukungu. Daktari akamwambia ni mtoto wa jicho, yote mawili, na la kulia limekomaa kabisa.

"Upasuaji wa nusu saa, mama. Ganzi tu, kesho yake unaona. Ila usichelewe. Likivimba humo ndani, presha ya jicho itapanda, na hapo hata mimi nitabaki kukupa pole."

Mama Kola akashukuru vizuri sana, akapewa tarehe. Tarehe ya kwanza alikuwa na mafua. Ya pili ilinyesha. Ya tatu alisema ana sare za shule nzima za kumaliza, na kweli alizimaliza: mashati kumi na mawili yakarudishwa yakiwa na mfuko mgongoni.

Binti yake, aliyeolewa mji wa mbali, alipopata habari za mifuko hiyo akampigia simu mtu wa mwisho ambaye mwenye akili timamu angempigia: shangazi yake. Yaani wifi yake Mama Kola, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa vyumba viwili upande wa pili wa ua huohuo. Kwa miaka sita mazungumzo ya wawili hao yalikuwa "maji yametoka" na "maji yamekatika". Siku za ukame, maji yasipotoka wala kukatika, walinyamaza kabisa.

Wifi alikuwa karani wa mahakama. Alistaafu yeye, mahakama haikustaafu ndani yake. Siku ya msiba alisimama mbele ya waombolezaji na kutamka, kwa sauti ya kuita mashahidi, kwamba kaka yake alizidiwa chumbani huku mkewe sebuleni akisoma hadithi za mabusu. Neno lile lilisikika mpaka kwa jirani wa nyumba ya tatu. Miaka mitatu iliyofuata Mama Kola hakumtazama wifi usoni kwa sababu ya hasira, na mitatu mingine hakumwona kwa sababu ya ukungu, kwa hiyo hapakuwa na hasara.

Sasa siku hiyo wifi alivuka ua, akamkuta Mama Kola dirishani, kitabu amekigandisha puani, anakisogeza kushoto na kulia.

"Unafanya nini?"

"Nasoma."

"Unanusa. Lete hapa. Mimi siwezi kutazama mtu mzima akinusa kitabu."

Hivyo ndivyo yalivyoanza, na usinitafutie hapo mapatano wala machozi. Wifi alikaa, akavaa miwani, akasafisha koo. "Sura ya saba. Aya ya kwanza." Akasoma kama anayesoma hati ya mashtaka.

Kitabu kilikuwa na mkaguzi wa forodha, mwanamke mkali asiyecheka, aliyefungwa pingu moja na mwizi wa almasi ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimsaka kwa miaka mitano. Jambazi mkuu mwenye jino la dhahabu anawataka wote wawili wafe. Ufunguo wa pingu umeangukia mtoni. Mama Kola alikuwa ameishia hapo, roho mkononi, wiki tatu.

Kusomewa na wifi kulikuwa adhabu yenye raha yake. Kila baada ya kurasa mbili alisimamisha kesi. "Hizi pingu amezifunga kwa idhini ya nani?" "Huyu mwizi anamwita 'malaika wangu'. Maneno hayo aliyasema mbele ya shahidi?" Na walipofika penyewe, pale mvua inaponyesha na mwizi anamvulia mkaguzi koti lake, Mama Kola ameacha hata kupumua, wifi akasoma: "Hapa walibusiana, kwa muda usiotajwa. Aya inayofuata."

"Wewe! Umeruka!"

"Nimefupisha. Hayana uzito kwenye kesi."

"Ndiyo kesi yenyewe hiyo, wifi! Rudi!"

Wifi akarudi, akasoma busu lote neno kwa neno, sauti imenyooka kama rula. Mama Kola alicheka mpaka pini zikamwagika. Kucheka na adui! Akajikunyata haraka, akasema koo lilimkereketa.

Saa kumi za kila siku ikawa ndiyo saa. Siku moja wifi alifika saa nane, eti kaona mawingu. Mbingu ilikuwa nyeupe pe. Akafungua palepale walipoachia bila kuuliza, na Mama Kola, ambaye haoni lakini si mjinga, akamsogezea kiti tu.

Wakafika sura ya mwisho kasoro moja. Mkaguzi na mwizi wamefungiwa kwenye ghala la barafu bandarini, bado wana pingu. Kucha zimekuwa za bluu. Jino la Dhahabu anacheka nje ya mlango. Mwizi anasema, "Kabla hatujafa, kuna jambo sikukwambia."

Wifi akafunga kitabu.

"Shauri limeahirishwa."

"Mpaka kesho?"

"Mpaka ufanyiwe upasuaji. Nimekuchukulia tarehe, Jumatatu ijayo. Ukitoka huko utaisoma mwenyewe." Akatia kitabu kwapani, akavuka ua.

Mama Kola amesoma utekaji nyara wa kila aina, hakujua kuna wa sura ya mwisho. Kesho yake akapapasa njia mpaka kwa muuza vitabu kutafuta nakala nyingine. Hakuna. Basi amsimulie mwisho. "Mimi nauza tu, mama," akasema yule bwana. "Ningesoma haya yote ningeoa saa ngapi?"

Hapo mama akaona hakuna dawa isipokuwa kwenda mwenyewe. Akangoja wifi atoke kwenda sokoni, akavua kandambili zisimsaliti, akavuka ua kwa kunyemelea, ukuta kwa ukuta. Nyumba za ua huo hazifungwi mchana. Mkaguzi wa forodha angejivunia. Mkaguzi wa forodha, hata hivyo, asingekanyaga ndoo ya wifi na kujimwagia maji ya kudekia mpaka magotini. Akapapasa mezani, akapata kitabu kinene kidogo, akakikumbatia, akarudi mbio akichuruzika.

Akaketi. Akakifungua. Ndipo akakumbuka kwamba hawezi kusoma.

Bahati nzuri, au tuseme bahati, mwalimu wa shule ya jirani akaingia kuchukua sketi. Mama Kola akamwomba amsomee kidogo tu, popote pale mwishoni. Mwalimu akafungua, akakunja uso, akasoma: "Mtu yeyote atakayeingia katika nyumba ya mwingine kwa nia ya kutenda kosa, atakuwa ametenda kosa, na akitiwa hatiani..."

"Basi, mwalimu, imetosha," akasema Mama Kola. "Chukua sketi zako."

Wifi alirudi, akaona nyayo za maji zinazotoka mlangoni kwake hadi kwa jirani bila hata kona moja. Akaingia, akachukua kitabu chake cha sheria mapajani mwa mshtakiwa, akavuta kiti. Mama Kola alijiandaa kwa kejeli. Hazikuja.

"Wifi," akasema yule mwanamke, na sauti haikuwa ya mahakamani. "Umeiba ukiwa kipofu. Huo ni ujasiri. Sasa kitanda cha hospitali unakiogopea nini?"

"Siogopi."

"Jicho linakufa na wewe unaniletea mafua. Unaogopa nini?"

Mama Kola akashika ukingo wa cherehani. "Mume wangu aliingia mlango ule ule wa hospitali akitembea kwa miguu yake. Mimi nikatoka na viatu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Siwezi kupita pale. Nikifika getini nasikia plastiki." Akavuta pumzi. "Na ulichosema msibani ni kweli. Aliniita. Nikamwambia, ngoja nimalize ukurasa. Nikaumaliza. Ndiyo nikaenda."

Nje mtu alikuwa anaburuta dumu.

"Ukurasa mmoja?"

"Mmoja."

Wifi akavua miwani, akaivaa tena. "Jioni ile daktari aliniita pembeni. Akasema mshipa mkubwa ulipasuka ndani, na hata kama angezidiwa akiwa pale pale mlangoni pa chumba cha upasuaji, asingepona. Saa nzima isingesaidia, sembuse ukurasa. Akaniambia nikwambie."

"Ukaniambia lini?"

"Leo."

Jamani, katika vitabu vya fungu la kulia hapa ndipo watu hukumbatiana. Mama Kola alisimama, mkasi ukaanguka.

"Miaka sita! Miaka sita nalala na ukurasa ule kifuani! Nimehesabu maneno yake, unajua? Wewe uko hapo ng'ambo ya ua unachota maji, unaniambia yamekatika, na hilo umelikalia!"

"Nilitaka kuwe na mwenye kosa," akasema wifi. "Ningemkosa, ningefanyaje? Ndugu yangu alikuwa mmoja tu. Maneno yale niliyosema yafutwe kwenye kumbukumbu."

"Futa mwenyewe! Toka!"

Wifi akatoka. Hakupiga mlango, na hilo lilimuudhi Mama Kola zaidi.

Jumatatu saa moja asubuhi Mama Kola alikuwa kwenye geti la ua, amevaa, mkoba mkononi. Wifi alipojitokeza, akaambiwa asidhani amesamehewa. "Naenda kwa sababu moja. Nataka nikuone vizuri usoni siku nitakayokupa yako. Siwezi kumtukana mtu ninayemwona kama shuka lililoanikwa."

"Ombi limekubaliwa," akasema wifi, akamshika mkono.

Pale mlangoni pa hospitali Mama Kola alisita. Wifi hakumbembeleza, alisema tu, "Kuna ngazi tatu. Moja," na wakapanda. Ndani ganzi ilichoma kidogo, taa ikawaka kali, mtu akawa anaimba polepole huku akimchokonoa jicho. Nusu saa, kama walivyosema. Mashujaa wa vitabuni hawajawahi kufanya jambo la kuchosha kiasi hicho. Akalazwa mpaka asubuhi, na usiku kucha alipanga matusi: la kwanza, la pili, la kumalizia. Yalikuwa matusi mazuri, yenye pindo.

Asubuhi nesi akabandua bandeji. Kwanza ulikuja mwanga, mwingi hata ukamliza. Halafu ukuta, na ufa ndani ya ukuta. Halafu vifungo vya sare ya nesi, na Mama Kola akaona waziwazi kwamba tundu la tatu limedarizwa vibaya, na aliyelidariza afungiwe kazi. Alikuwa anaona. Moyo ukamruka kwa furaha, akaukemea. Furaha baadaye, kwanza kesi.

"Wifi yangu yuko wapi?"

"Nipo hapa," ikasema sauti kutoka dirishani. "Sema. Nimekuja kusikiliza hukumu."

Mama Kola akageuza kichwa, tusi la kwanza likiwa limeshafika kwenye ulimi.

Yule mwanamke wa wigi na poda aliyekuwa akimkumbuka hakuwepo. Dirishani alisimama mtu mzee, nywele fupi zimekuwa nyeupe, mashavu yameingia ndani. Uso ulikuwa umepukutika mpaka ukabaki mfupa wa ukoo. Masikio yale yale yaliyosimama mbele. Nyusi ile ile ya kushoto iliyopanda juu kama inayouliza swali. Hata ule mkunjo wa mdomo wa mtu anayejikaza asicheke. Ndivyo mumewe angekuwa leo, angeachiwa miaka hii sita azeeke kama watu wengine.

Matusi yote yakamtoka kichwani.

"Unalia nini sasa?" akafoka wifi. "Daktari amesema jicho lisiguswe! Ungengoja unikasirikie kwanza!" Akageuka aende kuvuta pazia, maana alidhani mwanga wa dirisha ndio unaomuumiza mgonjwa.

"Usiondoke hapo," akasema Mama Kola. "Simama mwangani. Usinigeuzie mgongo."

"Mpaka lini?"

"Nitakwambia."

Na wifi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kutii amri isiyokuwa ya maandishi, akasimama palepale.