Yaya na Namba ya Diploma

Chuo chetu hapa Kindu kilipoanza kuweka kazi za wanafunzi kwenye kompyuta, mimi nilikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi kusoma baada ya watoto wake kukua. Zamani profesa aliandika maswali ubaoni, sisi tukanakili. Sasa anayaweka kwenye sisteme. Unaingia kwa namba yako na neno lako la siri, unafungua kazi, unaichapa, unakwenda nayo nyumbani. Wenzangu, wengi wao rika la binti yangu, walizoea upesi. Mimi nilibonyeza herufi mojamoja kwa kidole kimoja, na waliopanga foleni nyuma yangu walinivumilia kwa adabu.

Karatasi ilipotoka kwenye mashine ikiwa bado na joto, nilikuwa nikimfikiria yaya, dada yangu mkubwa. Kazi hizi zilikuwa zake kabla hazijawa zangu.

Sisi ni watoto wa reli. Baba alitoka Kasai akiwa kijana, akapata kazi hapa stesheni, akamleta mama, na sote tukazaliwa hapahapa mjini, mtaa wa Mikelenge. Yaya alinitangulia darasa moja. Yeye ndiye aliyenifundisha hesabu kwenye meza ya chakula, akiwa na subira ambayo hata walimu hawakuwa nayo. Alisema atakuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, na alilisema jambo hilo kama mtu anayesema kesho atakwenda sokoni.

Vita vilipofika, treni ziliacha kuja na mishahara ya reli ikakatika. Daftari ziliisha mjini. Baba akatuletea kutoka ofisini zile karatasi za mizigo, zenye mistari ya kuandikia magunia na vituo, nasi tukaandika masomo upande wa nyuma. Asubuhi tulisoma na walimu wachache waliobaki, mchana tulilima. Lakini shamba la nyuma ya nyumba halikutosha, na ikafika wakati mama alikuwa anachemsha sombe, majani ya muhogo, bila mafuta wala chumvi, na bila kitu cha kula nayo.

Mama mdogo wetu alikuwa ameolewa Kibombo na mkulima wa mpunga. Alituma habari kwamba kule chakula kipo, mikono ndiyo haipo. Wazazi wakaamua mtoto mmoja aende. Mimi nilikuwa mtu wa malaria kila mara, kwa hiyo ikabaki yaya. Alikuwa darasa la sita la sekondari, la mwisho, mwaka wa mtihani wa Serikali unaompa mtu diploma.

Mkuu wa shule mwenyewe alikuwa amewaambia wazazi kwamba mwaka ule karatasi za mtihani hazitatufikia. Zingetoka Kinshasa zipite wapi, wakati nchi imekatika vipande? Baba akamweleza yaya kwamba hapotezi kitu, atarudia mwaka amani ikirudi. Yaya hakubisha. Aliuliza swali moja tu.

“Na kama karatasi zinafika, baba?”

“Zikifika, tutakuita.”

Zikafika. Zilikuja kwa ndege, ghafla, na tangazo likatolewa kanisani, msikitini na redioni. Baba alizunguka mji akitafuta mtu anayekwenda Kibombo ampe ujumbe. Hakuna aliyekuwa anakwenda. Watu wenye silaha walikuwa wameifunga barabara, na waliojaribu kupita walirudi kwa miguu bila baiskeli zao. Mwishowe baba aliondoka yeye mwenyewe pamoja na mzazi mwingine. Walirudishwa kwenye kizuizi, na yule mwenzake alipigwa.

Asubuhi ya mtihani, wanafunzi wa darasa la yaya walipita mbele ya nyumba yetu wakiwa na mashati meupe yaliyopigwa pasi ya makaa. Baba alibaki ndani siku nzima. Mama alipomwita kula, alisema hana njaa, na sisi sote tulijua kwamba njaa alikuwa nayo.

Barabara ilipofunguka, yaya alikuwa ameolewa kule na alikuwa na mimba. Mume wake ni mtu mwema, sina neno juu yake. Mwaka uliofuata mtihani ule, mimi nilijifunza kwa karatasi zile za mizigo zenye mwandiko wa yaya, nikafanya wangu, nikapata diploma. Baba aliishika mikononi muda mrefu, akanipongeza, kisha akaenda kukaa nje peke yake. Alikufa bila kulizungumza jambo la yaya.

Miaka ikapita. Nikiwa nimeshaanza chuo, yaya alikuja Kindu kutibiwa goti, akakaa kwangu. Siku moja nilikuwa na kazi ya kuchapa, nikamwomba anisindikize chuoni. Alikaa pembeni yangu kwenye chumba cha kompyuta, mkoba mapajani, akitazama namna ninavyoandika neno la siri. Karatasi ilipotoka, aliichukua kabla yangu. Ilikuwa kazi juu ya mtoto anayeshindwa hesabu za kutoa, mwalimu amsaidie namna gani. Aliisoma yote akiwa amesimama.

“Hii njo wanawauliza?” akasema polepole. “Hii tu?”

Nikamwambia ajiandikishe. Wakati ule uandikishaji ulikuwa wazi, na ulifanyika kwenye kompyuta zilezile. Alikataa, akacheka, akakataa tena, kisha akavuta kiti. Mama anayesimamia chumba akatufungulia ukurasa. Jina. Mahali pa kuzaliwa. Jina la baba, jina la mama. Yaya alijibu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa wasichana, sauti ya mtu aliyeitwa na mwalimu na anajua jibu.

Halafu ikaja nafasi ya namba ya diploma.

Yaya akasema hana. Msimamizi alijaribu kuiacha wazi, lakini mstari mwekundu ukatokea na ukurasa ukagoma kusonga. Alijaribu tena. “Sisteme haikubali, mama,” akasema, na nilimwona anasikitika. Mimi nikaanza kueleza habari za vita, za barabara, za huyu aliyekuwa wa kwanza darasani, mpaka wanafunzi wakageuka kutuangalia. Yaya akanishika mkono.

“Mudogo wangu, acha. Hii mashine haikuwa hapa wakati ile.”

Njiani nilimwambia kwamba kuna mtihani wa waliojisomea wenyewe, anaweza kuufanya hata sasa, nitamsaidia. Alitembea kidogo, goti likimsumbua, kisha akasema, “Ule muntu unataka kuandikisha, mimi simujue tena.”

Hata hivyo aliomba aondoke na ile karatasi. Nikaona hapo pana mlango. Tangu siku ile nilichapa kila kazi mara mbili, moja yangu, moja yake, na nakala yake niliituma Kibombo kwa pikipiki au kwa treni ilipokuwepo. Nilifanya hivyo miezi mingi nikiwa na furaha. Nilikuwa nikimwona rohoni mwangu, amekaa kizingitini na kalamu.

Nilipomtembelea wakati wa mavuno, alinipokea vizuri, akanipikia wali mpya na samaki. Tulipomaliza kula alinikalisha karibu naye.

“Usinitumie tena zile karatasi,” akasema. “Siku ninasoma, ninalima mubaya. Ninabaki kufikiri.”

Niliinuka. Nikamsaidia kuanua mpunga.

Sasa ninachapa nakala moja. Mwaka huu, siku ya kutangaza matokeo, yaya alikuja bila kuniambia, juu ya pikipiki, amefungwa kitambaa kizuri kichwani. Alikaa safu za nyuma. Jina langu liliposomwa nilimwona amesimama anapiga makofi. Nilipomaliza kusalimiana na watu nikamtafuta tupigwe picha. Mama mmoja akaniambia ameshaondoka, maana mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Kibombo, na barabara ile ikinyeshewa haipitiki.