Godoro la Furaha

Leo kidato cha pili wameninyamazisha.

Nilikuwa nafundisha misimu, yaani maneno ya mitaani, ya zamani ya Kiingereza na ilikotoka. Nikafika kwenye "chum", yaani rafiki. Inasemekana lilianza kwa wanafunzi wa Uingereza, miaka hiyo ya kale, waliolala chumba kimoja. Walifupisha tu "chamber-fellow", yaani mwenzangu wa chumbani.

Nikauliza kwa mbwembwe, "Haya, chum wako ni nani?"

Darasa likacheka.

Akiru, mtoto wa hapa hapa Kakuma, akasema, "Mwalimu, na hili joto nani analala chumbani? Sisi wote tunalala nje."

Ni kweli. Kila jioni wasichana wa bweni huvuta magodoro hadi uani. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Kisha Furaha, aliyetoka Kongo na kujiunga nasi mwezi jana, akasema polepole, "Mimi nalalaka ndani. Peke yangu."

Kicheko kikakatika.

Akiru akamgeukia. "Mbona huji?"

"Hamkuniita."

"Hapa hakuna kuitwa. Unavuta godoro, unakuja."

Nikarudi ubaoni, nikajifanya nafuta kitu.

Saa kumi nimepita bwenini. Jua bado linachoma, uani hakuna mtu ila Akiru, amekalia godoro la Furaha, kando ya lake mwenyewe. Nikamuuliza anafanya nini juani saa hizi.

"Namshikia nafasi, mwalimu. Asije akakosa."

Wewe je, nani aliwahi kukushikia nafasi juani?